Kunyang'anywa Wanafunzi Wangu na Mtu wa Sukari

Kwanza, Kaunti ya Trans-Nzoia
Jumatatu

Kwa Madam Chesang,
Mwalimu wa Somo la Magonjwa,
Chuo cha Wauguzi.

Mpendwa Madam,

Pokea salamu zangu, ingawa nazituma nikiwa nimekasirika sana. Mimi ni Wabwile, yule mzee wa moyo, nyuma ya ghala la mahindi. Kwa miaka minne wanafunzi wako wamekuwa wakija kwangu kila Alhamisi kujifunza jinsi moyo unavyoshindwa kazi. Wamenibonyeza miguu, wamenisikiliza kifua, na sijakosa hata siku moja. Nilimzika mama watoto Jumatano, na Alhamisi nilikuwa kitini nikiwangoja.

Sasa nasikia mtihani wa mwaka huu utafanyiwa kwa Bashir. Jameni! Kwa heshima zote, nina malalamiko yafuatayo:

1. Bashir ana sukari, na sukari yenyewe ni ya juzi. Alihamia hapa mwaka jana kutoka Bungoma na duka lake la viungo. Nilimuuliza mbele ya watu kwa kinyozi kongosho lake liko wapi, akashika kiuno. Mtu kama huyo atamfundisha nani?

2. Ugonjwa wangu una somo ndani yake. Moyo ukichoka kusukuma, damu inasongamana nyuma yake na maji yanavuja mpaka miguuni. Halafu figo, kwa kuwa damu inayozifikia ni kidogo, zinadhani mwili umekauka! Basi zinashikilia chumvi na maji kwa nguvu zote, na mtu anazidi kuvimba. Yaani figo zinajitahidi kuokoa mwili, na huko kujitahidi ndiko kunakoumaliza. Wanafunzi wako hukwama hapo kila mwaka. Yule Zahid alikuwa akisisitiza ati figo ndizo zilizoanza ugonjwa wangu. Nilimrudisha nyuma mara tatu mpaka akashika. Si alipita?

3. Nimeambiwa nimeachwa kwa sababu nimepata nafuu. Ati miguu haivimbi tena, ati ukibonyeza hakuna shimo linalobaki. Madam, hiyo ni dharau. Si ni nyinyi mlionipa tembe za kutoa maji? Si ni nyinyi mlionikataza chumvi, mkanipima uzito kila wiki kama gunia? Nimetii yote, na kutii kwangu ndiko kulikonifukuza kazi.

4. Bashir hata kiti cha wageni hana.

5. Miaka thelathini nilikuwa nikipima unyevu wa mahindi pale ghalani, kwa hiyo mambo ya maji usinifundishe. Natoa taarifa rasmi kwamba tangu Jumanne iliyopita nimeziweka tembe kabatini na chumvi nimeirudisha mezani. Leo viatu vimekataa kuingia. Usiku nalala kwa mito mitatu, la sivyo pumzi inakata. Kufikia Alhamisi nitakuwa na shimo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataliona akiwa bado mlangoni, na wewe mwenyewe utaona aibu.

6. Kwa hivyo naomba mtihani urudishwe kwangu mara moja, Bashir awe msaidizi wangu, na siku ya mahafali niketi mbele pamoja na walimu, nikiwa nimevaa joho. Moyo huu umefaulisha wauguzi thelathini na wanane. Tena ujue, watoto wangu wako Nairobi na wananisalimia kwa simu. Siku sita za wiki, anayeongea hapa ndani ni redio. Sisemi hivyo ili unihurumie, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo, na imeniuma.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na dereva wa gari la chuo ambaye hunipigia honi akipita. Wasalimie pia wanafunzi, hata wale wenye mikono baridi. Bashir usimsalimie.

Ni mimi, mgonjwa wako halali,

Mzee Wabwile

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Viola ameingia, yule aliyehitimu mwaka juzi na sasa ni muuguzi huko Lugulu. Hakuja na daftari wala kipimo chochote. Ati alikuwa akipita tu akaona anijulie hali, na ameniletea ndizi. Ameniangalia miguu mara moja, akafungua kabati, akazihesabu tembe, halafu akakaa chini akalia. Madam, sijawahi kuona mwanafunzi akilia kwa sababu yangu. Nimejaribu kumweleza habari ya mtihani nikasikia mwenyewe ninavyosema upuuzi. Nimemeza tembe mbele yake, chumvi ameimwaga kwenye shimo la taka, na sasa hivi ananipeleka hospitali, hataki kungoja kesho. Chana hii barua. Mpeni Bashir mtihani, na muwe wapole naye, sukari si mchezo. Viola amesema atarudi Jumapili na mtoto wake, kwa hiyo Jumapili msije, nina wageni.