Mkwe wa Kwenye Picha

Felix wa Kitengela hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mbuzi, hata kuku wa kusingiziwa. Alikuwa na simu yenye kamera kali na mdomo mtamu, basi. Siku alipomwona fahali mwekundu wa Mama Soipan kule Bisil, roho ilimruka.

"Takwenya, mama!" akasalimu kwa Kimaasai. "Nawapiga picha ya kalenda, bure kabisa."

"Iko," akaitika mama, akamwazima shuka. Felix akaegemeza simu kwenye nguzo ya boma, akamshika fahali pembe kwa madaha. Nyuma yake Mama Soipan na binti yake Kakenya wakacheka meno yote nje.

Jioni ile picha ikapanda mtandaoni: "Fahali wangu anauzwa. Hao nyuma ni wafanyakazi wangu." Picha yenyewe, maskini, haikudanganya mtu. Maneno ndiyo yaliyofanya kazi yote.

Haibe, mfanyabiashara wa mifugo, akatuma elfu hamsini za kushikia fahali bila kuuliza mara mbili. Felix akajipongeza. Hakujua kwamba Haibe alimtambua fahali kwa sura, na kwamba kwa miaka miwili Mama Soipan alikuwa amekataa kumuuzia. Haibe akampigia mama simu kwa hasira.

"Mimi unaninyima, halafu unauzia kijana wa Kitengela?"

"Nimeuzia nani?"

Akatumiwa picha. Mama Soipan akaitazama, akaguna, kisha akaiweka kwenye grupu la kanisa na maneno yake mwenyewe: "Mkwe wetu Felix akileta ng'ombe wa kwanza wa mahari ya Kakenya. Wamebaki wanane."

Kesho yake Felix aliamka na pongezi mia mbili za uchumba kwenye simu. Saa sita wakamkuta hotelini akinywa chai: Haibe, Mama Soipan, Kakenya na wazee wawili wa kanisa.

"Fahali ni wako ama si wako?" Haibe akauliza.

Felix akapiga hesabu haraka. Akisema si wake, ni mwizi, na huku wizi wa ng'ombe si mchezo. Akisema ni wake, basi alimpeleka bomani mwenyewe kama mahari, tena na shuka mabegani.

"Ali... alikuwa wangu."

"Alhamdulillahi. Rudisha pesa yangu."

Nusu ilikuwa imeshaliwa, kwa hivyo ile simu ya kamera kali ikachukuliwa palepale. Wazee wakampa mkono, wakamkaribisha ibada ya Jumapili. Felix akamgeukia Kakenya.

"Dada, tafadhali, waambie ukweli! Wewe hunitaki!"

"Sikutaki hata kidogo," Kakenya akasema. "Lakini leta wanane kwanza, ndio nikukatae vizuri."