Paswedi Nisiyoweza Kuitamka

Ndugu zangu, leo ruta imenivua nguo mchana kweupe. (Nguo zote ninazo mwilini, msianze.) Nawaandikia nikiwa nimejificha nyuma ya mashine ya fotokopi, maana huko mbele ya duka bado watu wanacheka. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kutoka kwa Mwalimu Damiano, ambaye ataongeza chumvi.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Mama Neema, mzaliwa wa Tlawi kule Mbulu, nimeolewa Basotu. Mimi na mume wangu tuna steshenari. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunapiga picha za paspoti. Wiki mbili zilizopita tulinunua ruta kule Katesh, ili kompyuta, printa na simu zetu vitumie mtandao mmoja. Kidude cheusi, antena mbili, taa nne. Nilikipenda siku hiyo hiyo. Nikakiweka juu ya kabati na kukifunika kitambaa cha kufuma, kama ninavyofunika redio. (Najua sasa. Kilipata joto mpaka mtandao ukakata, na mume wangu alinicheka siku nzima.)

Shida ikawa paswedi. Ile ya kiwandani imebandikwa chini ya ruta, na vijana wanaokuja kutoa kopi waliigundua mapema. Mmoja anaulizia bahasha, mwenzake anaipindua ruta na kuipiga picha. Ikifika jioni, bando letu limekwisha. Nikasoma kijitabu, nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, nikaamua kuweka paswedi ambayo haiwezi kunitoka mdomoni hata nikiamshwa usingizini.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwa watu wa mume wangu, mke hataji jina la baba mkwe wake. Hataji kabisa. Hata neno linalofanana nalo analikwepa na kutafuta jingine. Nina miaka sita kwenye ndoa na sijawahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu bafuni. Sasa niambieni, kuna paswedi salama kuliko hiyo? Nikaandika jina la baba mkwe. Vidole si mdomo, nilijiambia. Ruta ikagoma, ikataka na namba. Nikaongeza 3, kwa sababu mzee ana wake watatu na hilo siwezi kulisahau. Ruta ikakubali. Nikajiona mtaalamu.

Wiki nzima nimeishi kwa raha. Mtu akija:

"Dada, paswedi ya waifai?"

"Siwezi kuitaja."

"Kwa nini?"

"Mila."

Anaondoka akinung'unika kwamba nina roho mbaya. Mimi nacheka moyoni na kuendelea kutoa kopi.

Basi, leo. Leo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu wa tumbo moja, amehitimu udaktari wa mifugo chuoni huko Morogoro. Mume wangu amekwenda kuwakilisha familia. Mzee hakwenda. Safari ya basi humtapisha, na ng'ombe wake hawezi kuwaacha siku tatu. Lakini tangu mwezi uliopita alikuwa anasema jambo moja tu, kwamba anataka kusikia jina lake likisomwa mbele ya wasomi. Mtoto akiitwa kwenye mahafali, anaitwa pamoja na jina la baba. Sherehe ilikuwa inaonyeshwa mubashara mtandaoni, na mume wangu aliniachia kazi moja.

"Unganisha televisheni ya dukani na ruta, mzee aone."

"Hilo tu?" nikamjibu.

(Hilo tu! Mdomo wangu huu.)

Saa nne asubuhi mzee akafika. Shuka jipya, fimbo, katambuga za tairi zimeoshwa. Nikainama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkamwana. Mashine iko tayari?"

"Iko tayari, baba."

Nyuma yake alikuja mama mkwe, ambaye ndiye mke mkubwa, na kibuyu cha maziwa mkononi. Nyuma yao majirani. Nyuma ya majirani, majirani wa majirani. Na Mwalimu Damiano, mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na ambaye mpaka leo husoma kwa sauti kila kilichoandikwa popote, hata mfuko wa saruji. Nilihesabu watu ishirini na kitu, nikaacha. Mzee alikaa mbele kabisa, magoti yake karibu yaguse televisheni.

Sherehe ilikuwa ianze saa tano. Nikachukua rimoti. Televisheni ikatafuta mitandao, ikaiona yangu, nikabonyeza. Ikaleta herufi zote zimepangwa, na juu yake kisanduku cheupe cha kuandikia paswedi. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kwenye simu, ukiandika paswedi, herufi zinajificha na kuwa vidoti. Nikajua na huku ni hivyo hivyo. Nikabonyeza herufi ya kwanza.

Ikatokea. Kubwa! Upana wa kiganja changu!

Nikasubiri, labda inachelewa kujificha. Haikujificha. Nikatafuta mahali pa kuifichia, nisipaone. Nikageuka nikatabasamu.

"Jamani, naomba wote tuangalie nje kidogo."

"Nje kuna nini?" akauliza mama mkwe.

"Mlima."

"Mlima upo kila siku, mama. Endelea."

Nikaendelea. Ningefanya nini? Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, na mzee ameshauliza mara tatu kama mtoto ameshavaa joho. Sasa, kama hujawahi kuandika kwa rimoti, ujue hakuna kazi ya polepole kama hiyo. Unaitafuta herufi moja kwa kupanda na kushuka, kushoto na kulia, ukipitiliza unarudi. Muda ulimtosha kabisa Mwalimu Damiano. Alijitahidi kujizuia, nilimwona. Akashindwa.

"Haya darasa," akasema, "tusome wote!"

Na watu wakasoma! Watu wazima, wenye ndevu zao! Kila silabi ikikamilika wanaiimba, na Mwalimu anaelekeza kwa kalamu yangu. Silabi ya kwanza ilisomwa kwa nguvu. Ya pili pia. Kwenye ya tatu baadhi yao wakaanza kukohoa. Silabi ya mwisho Mwalimu aliisoma peke yake, kwa sauti ya chini, akimtazama mzee.

Jina la baba mkwe wangu limejaa televisheni, na rimoti ninayo mimi. Hakukuwa na hata mtu wa kumsingizia.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu mzee. Mzee hajui kusoma. Zamani alikwenda kisomo cha watu wazima wiki moja, akajifunza jina lake, akasema limemtosha, akarudi kwa ng'ombe. Kwa hiyo katika maandishi yote ya dunia hii kuna neno moja tu analolijua, na leo lilikuwa mbele ya magoti yake. Akalitazama. Akasimama. Akainua fimbo.

"Ni mimi!" akapaza sauti. "Wameanza na mimi!"

Duka zima likapiga makofi. Mama mkwe hakupiga. Yeye alikuwa ananitazama, kisha akaninong'oneza kwa mnong'ono uliosikika mpaka barabarani.

"Mkamwana. Nani amemwandika baba yako humo?"

Kwa hofu nikabonyeza kuthibitisha. Na ile 3 nimeisahau! Televisheni ikafikiri, ikafikiri, ikaleta maandishi mekundu ya Kiingereza. Mwalimu Damiano (huyu mtu!) akayatafsiri papo hapo.

"Inasema siyo sahihi."

Mzee akashusha fimbo. "Nini siyo sahihi?"

"Jina, mzee."

"Jina langu siyo sahihi? Nani amesema? Huyo aliyesema ni mtoto wa nani?"

Ardhi ya Basotu ni ngumu, jamani. Nimeiomba ipasuke nimezwe, imenitazama tu. Nikaanza kuandika upya, herufi kwa herufi, machozi yananilengalenga, darasa linanisomea. Safari hii walisoma vizuri zaidi, maana walishazoea. Mwishoni nikaongeza 3.

"Na hiyo tatu?" akauliza mama mkwe.

Nilitaka kudanganya, nikakosa uongo wa haraka. Nikainua vidole vitatu. Nikamwelekezea yeye kwanza, halafu nikaelekeza huko bomani, kwa wake wenzake wawili. Akafikiri kidogo. Mara akaanza kucheka, mpaka kibuyu kikatikisika.

"Kumbe na sisi tumo!" akasema. "Mwanamume huyu hawezi kuingia popote bila sisi!"

Nikabonyeza. Ikakubali. Ukumbi wa chuo ukatokea, majoho, kofia, wasomi wamejaa. Vigelegele! Nikashika moyo wangu, nikajua nimepona.

Sikupona. Watu ishirini na kitu walikuwa wameisoma paswedi yangu kwa sauti mara mbili, na wengi wao wana simu. Wakaingia wote! Baada ya dakika chache picha ikaanza kukwama. Msoma majina akaganda mdomo wazi. Akaendelea kidogo, akaganda tena. Nikafungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta nione waliounganishwa. Vifaa kumi na tisa! Ruta yangu ya wiki mbili, yenye antena mbili! Ujumbe wa mume wangu ukaingia: "Bado watu wanne kabla ya zamu yake. Mzee anaona?"

Mzee alikuwa anaona mdomo wazi wa mtu asiyemfahamu.

Ningebadilisha paswedi, televisheni nayo ingetoka, tuanze darasa upya. Nikapiga kelele, "Zimeni waifai!" Kila mtu akamtazama jirani yake, kama vile mwenye makosa ni huyo. Mzee alisogeza kiti mbele zaidi, akaweka kiganja chake juu ya kioo, mahali ambapo mtoto wake angepita. Hapo moyo ukaniuma. Ningekubali kuaibika mara kumi nyingine, lakini si kumkosesha mzee huyu kitu kimoja alichokiomba.

Nikapiga goti mbele yake, nikasema yote. Kwamba jina lake ndilo ufunguo wa mtandao. Kwamba nililiweka kwa sababu siwezi kulitamka. Kwamba sasa watu wamelichukua na kulitia kwenye simu zao, ndiyo maana mtoto haonekani.

Mzee aligeuka na kiti chake, akawatazama wote.

"Mmechukua jina langu," akasema, "na hakuna aliyenipa hata shikamoo."

Mngeona! Simu zikatolewa mifukoni, kwenye kanga, ndani ya soksi. "Shikamoo mzee." "Shikamoo babu, nazima." "Shikamoo, hii ilijiunga yenyewe." Mimi nipo kwenye kompyuta nahesabu wanavyotoka. Kumi na mbili. Saba. Vikabaki vitano tu: kompyuta yangu, printa, simu yangu, televisheni, na kingine.

"Mwalimu," akasema mzee bila hata kugeuka.

Kikatoka.

Picha ikatembea. Na aliyekuwa anapanda ngazi sasa hivi, mrefu, mwembamba, joho limemzidi mabega, ni shemeji yangu! Msoma majina akasoma jina lake. Halafu akasoma la baba yake, lote, kwa spika kubwa, mbele ya wasomi. (Bila 3.) Mzee akasimama kwa mara ya pili leo. Safari hii hakupaza sauti. Alijifuta macho kwa ncha ya shuka, mama mkwe akapiga kigelegele kirefu, na mimi nikalia waziwazi nikiwa nimeikumbatia rimoti. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Baada ya sherehe nikaitwa. Wamekaa wawili, baba na mama, na maziwa katikati yao.

"Umelitaja?" akauliza mama mkwe.

"Hapana, mama."

"Umeliandika."

"Nimeliandika, mama. Naomba radhi. Nitalibadilisha leo hii."

Wakazungumza kwa lugha yao muda mrefu. Mara wananitazama, mara wanacheka. Kisha mzee akatoa uamuzi. Paswedi isiguswe. Amependa kwamba kuna mashine dukani isiyofunguka mpaka atajwe yeye. Ila kuanzia leo, anayetaka mtandao aje kwake, asalimie, aulize jina kwa heshima, naye ataamua.

Na hajatania. Amehamishia kiti mlangoni mwa duka. Hapa nilipojificha namsikia. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Eti, mzee, unaitwa nani?" Analitamka taratibu, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa leo na Mwalimu. Kisha anaongeza mwenyewe, kwa maringo, "Na tatu."

Kwa hiyo mkipita Basotu mkahitaji mtandao, msiniulize mimi. Mwenye ruta ni mimi, mnunua bando ni mimi, na mtu pekee dukani humu asiyeweza kuitaja paswedi ni mimi.