Bamba Lenye Umbo la Sikio

Jumatatu, 4 Machi
Mheshimiwa Shajara, mwenyekiti wa kikao hiki. Bibi Kalamu, katibu. Nawe Kikombe, mjumbe usiye na kura: itifaki imezingatiwa. Mkuu wa Idara ametukabidhi bamba la chuma lenye umbo la sikio. Nusu ya ukingo wake itazungukwa na maji yanayochemka, nusu barafu. Swali: joto likishatulia, katikati patakuwa na nyuzi ngapi? Atakayepatia, mbele ya wote, Ijumaa, ndiye mkuu mpya wa kitengo. Cheo changu hicho! Miaka tisa nakisubiri. Mpinzani ni mmoja tu: shemeji, mke wa mdogo wangu, tuliyembatiza Bi Pembetatu.

Jumanne, 5 Machi
Nimeligawa bamba kwa miraba. Kanuni ni nyepesi: joto la kila nukta, yaani kila kona ya mraba, ni wastani wa majirani zake wanne. Raha tupu, hadi ukingoni. Ukingo umepinda, miraba yangu haipindi. Nukta zimekosa majirani! Shemeji anatumia pembetatu, ndogo kwa kubwa, zimeufuata ukingo kama magamba ya samaki. Sikuona wivu. Nilisimama tu mlangoni pake nusu saa.

Jumatano, 6 Machi
Busara imenijia: tatizo si miraba, ni bamba. Nimemwendea fundi chuma, nikamwomba kwa taadhima alinyooshe sikio liwe mraba. Akauliza kama shati likinibana huwa napunguza mkono. Nikaondoka. Mtu mzima hajibizani na mwenye msumeno.

Alhamisi, 7 Machi
Ufumbuzi! Nukta zisizo na majirani nimezipa majirani wa kubuni, wenye joto nilipendalo. Nikakokotoa mizunguko mia tatu. Jibu: nyuzi 104. Nikachungulia la shemeji: 61. Masikini! Nimeandaa hotuba ya shukrani, kurasa nne.

Ijumaa, 8 Machi
Nilitangaza 104. Ukumbi kimya. Nikadhani ni heshima. Ndipo mama wa chai, chupa mkononi, akauliza: "Mwalimu, maji ya pembeni ni mia, na ndani hakuna moto. Hizo nne za juu umezitoa mfukoni?" Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Kipimajoto kikasema 61. Shemeji kapata cheo. Akaniambia nisinune, undugu hauvunjwi na hesabu. Kisha, kwa huruma, akaniteua mtunza bamba na kipimajoto.

Jumamosi, 9 Machi
Waheshimiwa, nimetafakari kwa kina. Nakiri kwamba kosa lipo, nalo ni la bamba. Jibu langu halina kasoro. Bamba ndilo halijalifikia. Funguo za karakana lilimo bamba sasa ninazo mimi. Hivyo naleta azimio: Jumatatu, kabla watu hawajafika, jiko dogo liwashwe chini ya bamba, katikati kabisa, mpaka kipimajoto kikiri 104. Bibi Kalamu aandike. Kikombe kiwe shahidi. Wanaoafiki wakae kimya.

Limepita kwa kauli moja.