Kuzinduliwa kwa Kituo cha Samaki Bora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe; waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na mnaowakaimu makaimu; kina mama, kina baba, nanyi wafugaji mliosimama juani kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kupitia mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu unaogusa mnyororo mzima wa thamani, ofisi yangu imezalisha samaki wa baharini anayefugika bwawani, anayekua maradufu, asiyeugua, na ambaye kwa mujibu wa utafiti yuko tayari kuliwa kwa asilimia tisini na nane. (Sauti: "Mbili zilizobaki ni mkia?") Mkia una bajeti yake, ndugu yangu. (Kicheko.)

Nimpongeze dada yetu, mtaalamu wa viumbe wa baharini, ambaye chini ya uongozi wangu mahiri amechagua samaki wenye afya, akawazalisha, akachagua watoto wao, akawazalisha tena, miaka nenda miaka rudi, hadi kuwapata wale wazazi waliofika hapa asubuhi ndani ya tangi. Hao ndio mbegu. Mabwawa yenu mliyochimba kwa mikono yanasubiri watoto wao. Dada, simama wakuone! Yuko wapi? (Sauti: "Jikoni, Mheshimiwa. Analia.") Machozi ya furaha hayo! Mpigieni makofi! (Makofi machache. Msaidizi anamnong'oneza.)

Ehe... Wazazi? Wote?

Ndugu wananchi, mimi ni muumini wa uwazi. Itifaki yangu inaelekeza kwamba chochote chenye harufu ya samaki kipitie mlango wa jikoni, na mpishi, mtumishi mwadilifu, akakipokea. Meza kuu tumeshakula. (Mama mmoja: "Mmekula mbegu, baba! Sasa sisi tufuge maji?") Mama yangu, ile ilikuwa tathmini ya ladha, na wamefaulu vizuri sana. (Zomeazomea.)

Tulieni! Samaki bora! Bwawa kwa kila kaya! (Sauti: "Tupu!") Ahsante kwa kuitikia.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru jirani aliyetuazima ukuta wa kutundikia kibao cha Kituo. Nawashukuru wenye pazia lililofunika kibao, maana bila pazia mngeuona ukuta. Na kwa namna ya pekee namshukuru dada yetu, aliyewalea samaki wake mwenyewe, kwa mshahara wake mwenyewe, kwenye karo la kufulia nyumbani kwa mama mkwe wake, akakubali kutuazima kwa asubuhi moja tu ili tuwe na cha kuzindua.

Wahudumu, mifupa isitupwe. Ni mali ya mradi, na kwa sasa mradi hauna nyingine.