Fundi Nguo Mwenye Mafungu Manane

Barua aliyokuja nayo Pindo saa saba mchana ilikuwa imekunjwa mara nne, mistari imenyooka utadhani imepigwa pasi. Ndivyo alivyo fundi nguo huyu, hata shari huikunja vizuri. Aliilaza kwenye benchi la kahawa la Bi Mvuke, akaiwekea kikombe juu isipeperuke, akasema kwa upole wa mtu aliyekasirika mpaka hasira ikamwishia akiba:

"Nisomeeni. Wanasema mimi ni mhalifu."

Mwalimu Chaki, mstaafu ambaye bado anafundisha bila kuombwa, akavaa miwani. Barua ilitoka kwa kampuni ya vipuri vya lifti, mbali huko. Walilalamika kwamba kompyuta za Pindo zimegonga mlango wa mtandao wao mara elfu kumi na moja kwa siku mbili, zikibahatisha nywila. Walipoitafuta anwani inayogonga kwenye sajili ya intaneti ya kanda, wakakuta imeandikwa kwa jina lake.

"Elfu kumi na moja kwa siku mbili," Bi Mvuke akasema, huku akisuuza vikombe. "Na suruali ya mume wangu tangu mwezi wa pili hujaipiga hata pindo."

Pindo akaapa kwamba kompyuta anayo moja, ya kuonyeshea wateja picha za suti, nayo feni ya dukani ikiwashwa tu inazimika yenyewe.

Waya peke yake hakucheka. Kijana huyu ni fundi wa kampuni ndogo ya intaneti, na hapo alikaa ukingoni mwa benchi, ngazi yake kaiegemeza ukutani. Aliyegonga mlango, Waya hakumjua. Aliyeandika jina la Pindo alimjua vizuri: huonana naye kila asubuhi kwenye kioo.

"Mwanangu," Bi Mvuke akamwambia, "unakunywa kikombe kitupu. Mficha uchi hazai. Sema."

Ikabidi aseme. Kampuni yao hupewa anwani za intaneti na sajili ya kanda, kisha huwagawia wateja wa biashara kwa mafungu ya anwani nane nane. Kila fungu likigawiwa au likihama, sharti iripotiwe kwamba sasa liko kwa fulani. Kazi hiyo alipewa yeye. Mteja wa kwanza alikuwa Pindo, na ile fomu aliijaza jasho likimtoka. Ya pili akaona taabu ya nini: akainakili ya Pindo, akabadilisha nambari, jina akaliacha, atalirekebisha akipata nafasi. Huu mwaka wa tatu, nafasi bado inatafutwa.

"Kwa hiyo mafungu yote manane ni ya huyu?" Mwalimu akauliza.

"Yote, Mwalimu."

Basi akala somo. Mwalimu alimwambia anwani ni kama kiwanja: ukigawa viwanja vya mtaa mzima ukaviandika kwa mtu mmoja, siku moshi ukifuka zimamoto wataenda kumwagia maji asiyewasha hata kiberiti. Akamaliza kwa kidole juu kwamba kizazi hiki hakijui kuwajibika.

Waya aliyameza yote, maana kulikuwa na kubwa zaidi. Kampuni imeishiwa anwani, imeomba nyingine, na asubuhi ile sajili ilikuwa imejibu kwa adabu inayouma: fundi nguo mmoja anafanyia nini anwani sitini na nne? Ripoti sahihi ifike kabla ya saa kumi jioni. Bosi yeye alitumia maneno machache. Ripoti ikikataliwa, Waya arudishe ngazi.

Wote wakamtazama Pindo, mwenye haki zote za kununa. Pindo aliitazama ile ngazi kwa muda, kisha akasogea ampishe Waya nafasi ya kuweka kompyuta yake ya kazini.

"Andika, dogo. Mdomo wa benchi hili unajua nani kahama na nani kakimbia. Leo nao ufanye kazi."

Daftari la ofisi lilijua nyaya zilipoishia miaka mitatu iliyopita, na yaliyofuata yalijulikana kijiweni. Shule ya udereva ilishafungwa, Bi Mvuke akaeleza, tangu mkufunzi alipoligonga lango la shule yenyewe, na pale sasa yupo daktari wa meno. Duka la dawa lilivunjika ndugu wawili walipogombana: mmoja akaondoka na dawa, mwenzake akabaki na intaneti, akafungua studio ya picha. Kila jina Waya alilipigia simu kabla ya kuliandika, ameshaungua kwa uji. Kufikia saa tisa mafungu saba yalikuwa na wenyewe.

"La nane ndilo hili la kwenye barua yangu," Pindo akasema. "Liko wapi?"

Waya aliinua macho tu, nao wakayafuata, mpaka kwenye nguzo ya kibanda: kisanduku cheupe, taa ya kijani, alichokifunga mwenyewe miaka miwili nyuma na kusema ni cha majaribio. Mechi zote na umbea wote wa kijiwe hiki vilipita humo.

Kisha macho yakateremka, jozi baada ya jozi, hadi kwenye kishikwambi cha Mwalimu kilichokuwa kikichaji kando ya birika. Mwalimu hajawahi kukiruka kiungo kinachompongeza. Ameshinda magari manne na nyumba ya ghorofa, hajapokea hata tairi. Waya akakichungulia, akaikuta programu ya zawadi ya gari bado inagonga milango ya watu. Alipoifuta, taa ya kijani iliyokuwa ikipepesa kama ina homa ikatulia.

"Mkuki kwa nguruwe, Mwalimu," Pindo akanong'ona.

Bi Mvuke akakata shauri. Fungu la nane liandikwe kibanda chake, kesho atasaini mkataba kama mteja yeyote, na Waya atamweleza bosi kwa kinywa chake. Ila fomu ina sehemu ya mtu wa kupokea malalamiko. "Hapo mwandike mwenye moto."

Saa kumi kasoro robo Waya akatuma. Jibu likaja upesi: yote sawa, limebaki moja, mpokea malalamiko abonyeze kiungo alichotumiwa, kabla ya muda kwisha. Kishikwambi kikalia. Mwalimu akasoma, akakilaza, akakunja mikono.

"Leo nimejifunza. Mimi sibonyezi kiungo nisichokijua."

Waya akamsihi, akamwita baba, akamwita babu. Pindo akamwonyesha ngazi. Mwalimu akatazama barabarani. Zikabaki dakika nne.

Bi Mvuke akajifuta mikono, akainama juu ya kishikwambi, akakunja uso.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hebu nisomee hapa chini. Si wanasema umeshinda pikipiki?"

Kidole kilifika kabla ya miwani.