Dizeli ya Uwesu na Mizinga ya Baba

Jumanne, 3 Juni 2025
Nimeamua. Simlipi tena Uwesu nauli ya asali. Kila msimu ni hivyo hivyo: asali yetu iko pori la Sikonge, pikapu ni yake, na bei anaipanga huku akichokonoa meno. Hapa Kanyenye maduka yetu yamepakana, tunagombania wateja wale wale, halafu mafuta ya gari lake nanunua mimi. Nikiwa nanyoa ndevu akili ikanijia: nitanunua pikapu yake hiyo hiyo. Mwakani atakuja kunibembeleza yeye. Mke wangu Levina akasema Uwesu hajatangaza kuuza. Nikamjibu kila mtu anauza. Akarudi kuchuja nta.

Jumatano, 4 Juni
Uwesu amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Udhaifu huo.
Nimempitia fundi Doto kwa ushauri. Anasema petroli ni rahisi kutengeneza lakini kwa mzigo wa porini itanifilisi kwa mafuta. Dizeli inavuta na haili sana, ila pampu na nozeli zikifa utauza na kitanda. Akaniusia jambo moja: dizeli isikilizwe asubuhi, ikiwa ya baridi. Ikishapata moto, hata iliyochoka inaimba vizuri.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefika kwa Uwesu alfajiri. Nikagusa boneti. Ya moto. Uwesu akasema katoka kumpeleka jirani mgonjwa hospitali ya Kitete. Gari likawaka mara moja.

Jumamosi, 7 Juni
Nimewahi zaidi. Boneti ya moto. Safari hii mama mjamzito, Kitete tena.

Jumatatu, 9 Juni
Ya moto. Mzee kabanwa na pumu. Nimerudi nyumbani kwa aibu. Miaka yote hii namwita Uwesu mchoyo, kumbe mtaa mzima unapona kwa gari lake na hajitangazi. Mtu mwenye huruma namna hii hawezi kuuza gari bovu.

Jumanne, 10 Juni
Limebaki suala la kulipa. Benki wanataka hati ya nyumba, nayo iko kwa kaka Leodgar, ambaye ananijua. Chama cha kuweka na kukopa wanataka wadhamini wawili. Nimemwomba shemeji yangu, akacheka kwa heshima, lakini akacheka. Kulipa kidogo kidogo Uwesu hataki, anasema kunaharibu ujirani. Yeye ndiye aliyetaja mizinga yetu ya nyuki kule Sikonge. Mizinga yote kwa gari, hakuna riba wala kudaiwa.
Mizinga hiyo aliitundika marehemu baba. Mingine kaichonga mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Chakula chetu chote kinatoka humo. Nimekaa nayo moyoni siku nzima, na sikuona raha.
Levina ameuliza gari la kubebea asali litabeba nini kama asali si yetu. Nimemweleza kwamba gari kwanza, mzigo utafuata. Akaenda kuosha ndoo za asali. Ningependa angebishana.

Alhamisi, 12 Juni
Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Uwesu alinishika mkono muda mrefu. Nimewaza kwamba nyuki wa baba wamebadili mwenyewe na hawajui. Halafu nikapiga honi, nikajisikia nafuu.

Ijumaa, 13 Juni
Baridi kali. Gari limegoma. Vijana wamelisukuma mpaka karibu na msikiti, halikukohoa hata mara moja. Doto kaja, kasikiliza, kavua kofia. Akauliza kama niligusa boneti. Nikasema asubuhi tatu. Akauliza ilikuwa ya baridi? Nikamweleza habari za wagonjwa. Alimtazama Levina, akampa pole. Mimi hakunipa. Injini nzima ifunguliwe, anasema, na pampu ni ya kutupa.

Jumapili, 22 Juni
Uwesu ameshusha asali kwa toyo la kukodi, pikipiki ya matairi matatu. Ndoo zimejaa mpaka juu. Katuletea kikombe kimoja, kwa ujirani. Levina alionja, akasema hii imetoka kwenye ule mti wa mninga wa baba, anaijua. Akaweka kikombe chini, akaenda uani. Nimeumia sana. Nilikwenda kukaa ndani ya gari. Viti vyake ni vizuri, lazima niseme.

Jumapili, 31 Agosti
Levina amerudi kutoka Sikonge. Tangu gari ligome anasuka mikeka na kuiuza sokoni, na kwa fedha hiyo kamlipa mjomba wake amchongee mizinga. Wameitundika wenyewe. Mmoja nyuki wameshaingia. Alinisimulia mwenyewe, tumekaa jikoni, na tangu Juni hajazungumza nami hivyo. Akaniomba kitu kimoja tu: mizinga hii nisiiguse. Nimeapa. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya uongo. Nilijua nilichompotezea.
Nimewaza sana baada ya hapo. Wakiingia mzinga mmoja, ifikapo mwakani wataingia yote. Na kuna bwana wa kule karibu na Kipalapala anauza lori aina ya Fuso, dizeli, injini mpya kabisa. Nimempigia simu kumuuliza kama anapokea mizinga. Anasema inategemea ni mingapi. Nimemwomba asiliuze mpaka Desemba, na Levina asiambiwe kwanza, apate kufurahi siku likifika.