Mgongo Uliokataa Kwenda Ohio

Jumamosi, 22 Oktoba

Mlima wote nyuma ya nyumba umewiva. Mwekundu huku, manjano kule, utadhani umemwagiwa pilipili na bizari. Watalii wanasimamisha magari katikati ya barabara kupiga picha ghala letu bovu. Hapa Haskell Notch, Vermont, hakuna mtu anayependa majani ya vuli kuliko mimi, almuradi yabaki mtini.

Nilikuwa kwenye kiti changu kando ya jiko la kuni, kikombe cha juisi ya tufaha ya moto mkononi, donati gotini, nikimshukuru Mungu kwa kuumba mwezi wa kumi. Mke wangu Arlene akaingia na habari mbili. Kwanza, reki iko nyuma ya mlango. Pili, Siku ya Shukrani, sikukuu ya bata mzinga mwezi ujao, tunakwenda Ohio kwa dada yake, Dot.

Ohio! Siku nzima garini, na mwisho wa safari, Burton. Burton ndiye mume wa Dot, mwanyumba wangu, mtu mwema asiyejua kunyamaza. Maisha yake yote ameuza matairi. Mara ya mwisho alisimama mbele ya televisheni kipindi chote cha pili cha mpira akinieleza kwa nini tairi la mbele huisha upande mmoja. Sijui mpaka leo nani alishinda.

Nikasema vizuri sana, mke wangu. Donati ikaanguka. Nikainama kuiokota, na hapo chini, kichwa kikielekea sakafuni, wazo likanishukia.

"Aaaah!" nikapiga ukelele. Nikabaki nimejikunja.

Arlene akauliza kuna nini. Mgongo, nikasema. Usiniguse.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi kipara, lakini leo zimeota!

Jumapili, 23 Oktoba

Supu ya kuku kitini. Blanketi miguuni. Reki haijatajwa.

Arlene anasema Siku ya Shukrani bado mbali, nitakuwa nimepona. Nikamwambia mgongo si mafua. Babu yangu alishikwa wakati wa majani akanyooka wakati wa Pasaka. Akasema hajawahi kusikia habari za babu huyo. Nikamjibu kwamba mzee hakupenda kujitangaza.

Jumatano, 26 Oktoba

Ubaya mtupu. Arlene amemwita Lyle Pomeroy, jirani, aje atuondolee majani. Amefiwa na mke. Ana nywele zote. Barazani kwake kuna boga ukubwa wa ndama, na kila anayepita lazima alisifu.

Alikuja na mashine ya kupuliza majani, akaivaa mgongoni kama askari anayekwenda vitani. Mgongo wake mzima, naona alitaka nilione hilo. Arlene akamtolea pai ya boga. Pai yangu! Wakasimama uani wanacheka. Sikusikia wanacheka nini, nikainuka nikaenda dirishani. Arlene akageuka ghafla. Nikajitupa kitini nikakosea, nikaangukia kapu la kuni.

Lyle akaja kunijulia hali. "Pole sana, mzee," akasema. "Ndiyo uzee huo, hauna hodi."

Mzee! Lyle ananizidi umri! Alikuwa akinipiga makonzi shuleni!

Jumatatu, 31 Oktoba

Usiku wa watoto wa vinyago. Nimekaa mlangoni kugawa pipi kwa sababu kazi hiyo inafanyika kwa kukaa. Za chokoleti nimeziweka chini ya blanketi kwa usalama.

Mtoto mmoja aliyejivika mifupa alinitazama nilivyojikunja, akauliza mimi nimejigeuza nini. Mgonjwa, nikamwambia. Akasema nimeigiza vizuri sana, afadhali kuliko baba yake.

Sikumpa kitu.

Jumapili, 6 Novemba

Ushindi! Arlene amempigia simu Dot. Hatuendi. Mgongo wa Merle umegoma, akasema, na siwezi kumwacha peke yake, hata yai hajui kuchemsha. (Si kweli. Najua. Sipendi tu.)

Baada ya simu alikaa jikoni, anakunja kitambaa cha vyombo, anakikunjua, anakikunja tena. Wamezaliwa wawili tu, yeye na Dot. Alikuwa ameshamfumia dada yake sweta. Nikahisi kitu kinanikaba kifuani. Kiungulia. Nikala kipande cha pai, kikatulia.

Jumanne, 8 Novemba

Nimekwisha.

Dot amepiga simu. Amesema dada hawezi kula bata mzinga bila dada, na kama mgongo hauwezi kwenda Ohio basi Ohio itakuja kwa mgongo. Na kuna habari nyingine njema! Burton ameacha matairi. Amesomea kunyoosha migongo. Kozi nzima, kwa njia ya posta. Cheti anacho, meza ya kukunja anayo, koti jeupe limeshonwa. Alichokosa ni mgongo.

Kisha Burton mwenyewe akadai simu. "Mwanyumba! Usimeze hata kidonge kimoja. Usiguswe na daktari yeyote. Huo mgongo niachie mimi!"

Arlene akaniuliza mbona nimesawajika.

Jumatano, 9 Novemba

Nimepona. Nimeshuka kwa chai ya asubuhi nikicheza. Nimemzungusha Arlene kuizunguka meza. Nikamwambia, muujiza, mpigie Dot, mwambie wasihangaike.

Arlene akafurahi sana. Akasema kama ni hivyo, majani ya nyuma ya ghala Lyle hakuyafikia, na reki ni ileile.

Nikaketi polepole. Nikasema naona maumivu yanarudi.

Jumanne, 22 Novemba

Theluji ya kwanza. Nilitumaini itafunga barabara. Haikufunga hata mlango wa kuku.

Wamefika jioni. Dot na Arlene wamekumbatiana uani, wanalia, wanacheka, theluji inawaangukia kichwani, hawaingii ndani. Burton alipita katikati yao bila salamu, meza kwapani, koti jeupe limeshavaliwa. "Yuko wapi?" akauliza.

Nilikuwa kabatini natafuta kitu. Nimesahau ni kitu gani.

Jumatano, 23 Novemba

Nimetandikwa juu ya meza sebuleni, kifudifudi, kati ya pai za boga zinazopozwa na bakuli la rojo ya matunda mekundu. Dot na Arlene wamevuta viti kutazama. Lyle amekuja kuazima chumvi akabaki.

Burton akanipapasa. Akaguna. Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. (Hajawahi kuona kitu chochote!) Akapanda juu ya kigoda. Nikamwambia mwanyumba, ngoja kidogo, kuna jambo nataka kukueleza. Akasema wagonjwa wote husema hivyo, imeandikwa kwenye kitabu.

KACH!

Kama mtu amevunja kuni kavu. Lyle alidondosha chumvi.

"Umesikia?" Burton akapiga kelele, machozi ya furaha yanamlenga. "Ulikuwa umejifunga tangu ujana wako!"

Ulikuwa mzima! Tangu ujana wangu ulikuwa mzima! Sasa nimepinda kushoto kama mlingoti wa simu baada ya dhoruba, na nikivuta pumzi naona nyota. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba sasa ndiyo naumwa. Akasema ni dalili nzuri mno, maumivu yanatoka. Kesho upande wa pili. Na akamwapia Arlene mbele ya watu wote: haondoki nyumba hii mpaka mgongo huu unyooke, hata ikifika Krismasi.

Hata ikifika Krismasi!

Alhamisi, 24 Novemba, Siku ya Shukrani

Uamuzi umepita. Kwa mwezi mzima nimekuwa mzima nikijifanya mgonjwa. Leo ni mgonjwa nikijifanya mzima. Kazi ni ileile, ila hii inauma.

Nimeshuka ngazi nikipiga mluzi. Nikaomba kumkata bata mzinga mwenyewe. Vipande vyote vimetoka mshazari, upande mmoja mnene, upande mwingine unapitisha mwanga. Dot akasema ndivyo wanavyokata mahotelini.

Kabla ya kula kila mtu akataja anachoshukuru. Arlene alishukuru kwa dada yake. Dot alishukuru kwa sweta. Lyle, ambaye sikumbuki nani alimkaribisha, alishukuru kwa majirani wakarimu, huku akimwangalia mkarimu mmoja tu. Burton akasimama. Akashukuru kwa mgongo wangu. Alipofika "mgonjwa wangu wa kwanza" sauti ikamkatika, akajifuta kwa kitambaa cha meza.

Kisha akataka ushahidi. "Mwanyumba, hebu inama uguse vidole vya miguu. Waone wenyewe."

Nikagusa.

Niligusa! Nimegusa! Shida ilikuwa kurudi. Nikabaki huko chini. Wakapiga makofi, makofi yakaisha, mimi bado niko chini. Arlene akauliza nafanya nini. Nikasema nimeangusha njegere naitafuta. Wakaanza kula. Nilisikia paja la bata likienda kwa Lyle. Paja langu!

"Leo mzee anacheza na miguu yake kama mtoto mchanga," Lyle akasema, mdomo umejaa. Mwishowe ndiye aliyenishika mkanda kwa nyuma akaninyanyua kama ndoo.

Mpira sikuuona. Burton alikuwa amesimama mbele ya televisheni.

Ijumaa, 25 Novemba

Mpango umefaulu. Burton amekunja meza. Amesema kazi yake hapa imekwisha, wanaondoka kesho alfajiri. Nilitaka kuruka kwa furaha nikakumbuka nisiruke.

Arlene alinitazama kwa muda nikivaa soksi. (Mbinu yangu mpya: unaitupa soksi sakafuni, kisha unaiwinda kwa mguu.) Akauliza kama kweli nimepona. Kabisa kabisa? Kama kijana, nikamwambia.

"Hata safari ndefu unaiweza?"

"Hata ya mwezini."

"Na kubeba masanduku?"

"Lete hata manne!"

Akatabasamu. Tabasamu refu, sijui la nini. Akasema vizuri, kwa sababu yeye na Dot wamekwisha kupatana. Kwa kuwa mgongo umepona, tunafuatana nao Ohio, tukae wiki nzima, na njiani tuzunguke tuone miji inavyowasha taa za sikukuu.

Masanduku yalikuwa manne.

Jumamosi, 26 Novemba

Garini. Mwandiko mbaya, Burton anapiga kona kama anakimbizwa.

Nimewekwa kiti cha nyuma, katikati ya masanduku, kwa sababu Burton anasema mgongo mpya haufai kuegemea. Nyimbo za Krismasi tangu mpakani, wimbo mmoja umerudi mara nyingi mpaka nauota nikiwa macho. Taa tumeziona. Mimi nimeziona za kushoto tu, ndiko ninakoelekea.

Tukasimama kujaza mafuta. Nikashuka na umbo la kiti. Mama mmoja alinipisha mlangoni na kunipa sarafu. Nikakataa kwa heshima. Burton akamwambia angeniona kabla ya matibabu.

Dot anaendesha sasa. Arlene amekaa mbele naye, Burton amehamia nyuma kwangu. Wanakula karanga, wanatupiana maganda, wanacheka habari za mwalimu wao mmoja aliyeketi juu ya keki. Sijamwona Arlene akicheka hivyo tangu masika. Akageuka, akanyoosha mkono nyuma katikati ya viti, akanishika goti.

"Asante kwa kuja, Merle," akasema. "Najua hukutaka."

Nilikaribia kumwambia yote. Reki, donati, babu asiyekuwepo. Nikafungua mdomo kabisa. Hapo Burton akaniegemea akaanza kunieleza pingili ya saba ya uti wa mgongo na ugomvi wake na ya nane, nikaufunga.

Lakini nikauweka mkono wangu juu ya wake. Tukaenda hivyo mpaka taa zikaisha.

Jumatatu, 28 Novemba

Ohio. Asubuhi nilipiga chafya, kitu kikalia kach, nikanyooka! Nikasimama wima chumbani nikazungusha kiuno kama msichana. Chafya! Pilipili ya jikoni tu ingetosha!

Sifa amepewa Burton. Jirani zake wawili wameshakuja kuulizia bei.

Sasa jambo jipya. Jana kwenye chakula cha jioni Dot alitoa wazo. Krismasi sote twende Michigan kwa mama yake Burton, tukateleze juu ya ziwa lililoganda, halafu tuimbe nyumba kwa nyumba. Arlene akapiga makofi. Mimi kuteleza juu ya barafu! Kuimba nje, masikio yakiganda! Wakati kiti changu kiko Vermont peke yake, na jiko limezimika!

Nimefikiri usiku kucha na kosa langu nimeliona wazi. Kosa lilikuwa mgongo. Mgongo ni kitu cha kushikika, mtu yeyote mwenye meza anaweza kuupanda. Ugonjwa wa mtu mwenye akili ni ule wa ndani, usioshikika. Kifua! Nani atapanda kifua? Na kifua kinaambukiza. Mwenye kifua anabembelezwa abaki nyumbani.

Corinne, binti wa Dot, amerudi leo kutoka chuoni kwa likizo. Mtoto mpole. Alitueleza wakati wa chai anasomea nini, mambo ya mapafu au kitu cha namna hiyo, na kwamba mwaka huu lazima apate mtu wa kumfanyia majaribio. Sikusikiliza vizuri, nilikuwa nafikiria.

Kikohozi cha kwanza nimekitoa palepale mezani. Kidogo, kikavu, cha mtu asiyetaka kusumbua watu. Arlene hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe. Lakini Corinne aliweka kijiko chini haraka, macho yanang'aa, akaja kuketi karibu nami.

Binti mwenye huruma sana. Huyu atanisaidia.